Mary Mallon: Mpishi Aliyebeba Homa Bila Kuugua



Ndugu zangu wa jumuiya, katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya maswahaba, maimamu na wanazuoni wetu. Leo naomba ruhusa niwaletee maisha ya mwanamke ambaye hakuwa Muislamu, hakuandika kitabu wala hakuongoza watu. Alikuwa mpishi wa majumbani, na alifariki mwaka 1938. Ninamwandika kwa sababu nina deni nyumbani, na ni yeye aliyenifanya nilione.

Kwetu ni Bwera. Shangazi yangu ni mpishi. Pilau ya harusi, ya hitima na ya futari ya madrasa mtaani kwetu ilikuwa mikononi mwake tangu nikiwa mdogo, na siku za soko la Mpondwe alikuwa akiwauzia chai, chapati na maharage wachukuzi na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Kwa miaka miwili alilalamikia maumivu chini ya mbavu za kulia, yakipanda mpaka begani, hasa akishakula nyama ya mafuta. Alitibiwa vidonda vya tumbo mpaka akachoka. Mwishowe picha ya ultrasaundi ilionyesha mawe ndani ya mfuko wa nyongo, na kwa kuwa aliwahi kuugua taifodi mwaka 2009, daktari akaagiza choo chake kipimwe. Bakteria wa taifodi walikuwemo. Hakuwa na homa, hakuwa na udhaifu wowote, lakini alikuwa akiwabeba. Akaambiwa asiwapikie watu mpaka atakapotibiwa na kupimwa tena.

Shangazi aliniambia mimi siri hiyo kwa kuwa nasomea afya. Mimi nikamwambia mtu mmoja, na kwetu mtu mmoja ni soko zima. Siku ya Idi alikuja na sinia la pilau. Nilijua kabisa kwamba aliyepika ni binti yake. Hata hivyo, watu walipoanza kutazamana, na mimi nikasema nimeshiba. Alilifunika sinia lake akaondoka nalo.

Niliporudi chuoni nilianza kusoma habari za watu wanaobeba taifodi, na kila kitabu kilinirudisha kwa mtu mmoja, Mary Mallon.

Homa iliyopita Kasese

Kabla ya kumfikia, nikumbushe jambo ambalo wenzetu wa wilaya nyingine huenda hawakulisikia. Kuanzia mwisho wa Desemba 2007 hadi Julai 2009, Kasese ilipata mlipuko mkubwa wa taifodi. Wachunguzi walihesabu wagonjwa 577. Kati yao 249 walitoboka utumbo, na 47 walifariki. Bakteria waliopatikana kwenye vipimo walikuwa sugu kwa dawa kadhaa zilizozoeleka. Taifodi huingia kwa njia moja tu, nayo ni mdomo, kupitia maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mwenye bakteria. Mimi nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni watu wazima kusema kwa sauti ya chini kwamba fulani amepasuliwa tumbo.

Wagonjwa walihesabiwa na marehemu walihesabiwa. Walionitoka akilini mimi ni waliopona. Katika kila watu 100 wanaoambukizwa taifodi, baina ya 1 na 5 hubaki na bakteria mwilini kwa miezi na miaka bila kujisikia wagonjwa. Shangazi alikuwa mmoja wao. Na mtu wa kwanza kutambuliwa hivyo nchini Marekani, akiwa mzima wa afya, alikuwa Mary Mallon.

Kutoka Ireland mpaka jikoni kwa matajiri

Mary alizaliwa tarehe 23 Septemba 1869 Cookstown, mji mdogo wa Ireland ya kaskazini, katika nchi iliyokuwa bado inauguza majeraha ya njaa kubwa. Akiwa msichana wa miaka 15 hivi alivuka bahari kwenda Marekani, akapokewa na shangazi yake na mume wa shangazi huyo. Kama wasichana wengi wa Ireland wasio na mali, alianza kwa utumishi wa majumbani. Tofauti yake ni kwamba alikuwa na mkono wa mapishi. Akapanda mpaka kuwa mpishi, kazi iliyolipa vizuri kuliko kazi zote za ndani, na akawa anapikia familia za matajiri wa New York.

Katika kiangazi cha mwaka 1906 aliajiriwa na Charles Henry Warren, mwenye benki, aliyekuwa amepanga nyumba ya mapumziko Oyster Bay. Kabla kiangazi hakijaisha, watu 6 kati ya 11 wa nyumba ile walikuwa wameshikwa na taifodi. Ulikuwa mshangao, kwa maana taifodi ilihesabiwa kuwa homa ya mitaa ya maskini. Mwenye nyumba aliogopa kwamba hakuna mpangaji atakayekuja tena, akamwajiri George Soper, mhandisi wa afya, atafute chanzo.

Soper alipima maji, vyoo, maziwa na samaki, hakukuta kitu. Ndipo alipouliza kuhusu mpishi. Mary alikuwa ameanza kazi wiki tatu hivi kabla ya mgonjwa wa kwanza, kisha akaondoka. Soper akafuatilia nyumba alizopika miaka iliyotangulia, akahesabu familia 8, na katika 7 kati yake taifodi ilikuwa imepita. Wagonjwa walikuwa 22, na msichana mmoja alikuwa amefariki. Chakula kinachopikwa motoni huua bakteria hawa, kwa hiyo alishuku kitu kibichi. Mary alisifika kwa aiskrimu yenye vipande vya pichi mbichi alivyovikata kwa mikono yake.

Mwezi Machi 1907 Soper alimkuta jikoni katika nyumba nyingine mjini New York. Jaribu kumwona mwanamke huyu: hajawahi kuugua taifodi kwa kadiri anavyojua, ana nguvu, anaheshimika kwa kazi yake, kisha mwanamume asiyemfahamu anaingia jikoni na kumtaka ampe damu, mkojo na kinyesi kwa sababu anaua watu. Mary alichukua uma mkubwa wa kukatia nyama akamfukuza. Baadaye alikuja daktari mwanamke, Sara Josephine Baker, akiwa na polisi. Baba wa daktari huyo mwenyewe alikuwa amefariki kwa taifodi. Mary alijificha kwa saa kadhaa mpaka wakamvumbua, na ndani ya gari la wagonjwa ikabidi Baker amkalie juu ili asitoroke. Alipopimwa hospitalini, choo chake kilikuwa kimejaa bakteria wa taifodi.

Kilichokuwa ndani ya nyongo

Madaktari walimweleza Mary kwamba bakteria huenda wanakaa kwenye mfuko wa nyongo, na wakamshauri akubali utolewe. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana wengi wetu neno nyongo tunalijua kwa uchungu wake tu, au kwa yule mchinjaji mzembe anayeipasua ikaharibu ini lote la mbuzi.

Nyongo hutengenezwa na ini, kiasi cha nusu lita hadi lita moja kila siku. Sehemu yake huwekwa akiba katika mfuko mdogo ulio chini ya ini, upande wa kulia, wenye urefu wa sentimita 7 hadi 10. Mfuko huo huchukua mililita 30 hadi 50 tu, lakini huinyonya nyongo maji ikawa nzito na kali zaidi. Ukila chakula cha mafuta, utumbo mwembamba humwaga homoni kwenye damu, mfuko hujibana, na nyongo huteremka kwa mrija hadi utumboni. Kazi yake huko ni ile ya sabuni kwenye sufuria ya pilau: huyavunja mafuta kuwa matone madogo ili mwili uweze kuyasaga. Ini pia huitumia kutolea taka, ikiwemo kolesteroli iliyozidi na rangi inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Rangi hiyo ndiyo inayokipa choo rangi yake.

Mizani ya mchanganyiko huu ikiharibika, kolesteroli au rangi hiyo huganda chembe kwa chembe mpaka ikawa mawe, mengine kama mchanga, mengine makubwa kuliko punje ya mahindi. Huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa, pamoja na watu wanene na wenye umri mkubwa. Wenye siko seli huyapata hata wakiwa vijana, kwa kuwa chembe zao za damu huvunjika upesi na kuacha rangi nyingi. Mawe mengi hukaa kimya maisha yote. Lakini jiwe likiziba mlango wa mfuko, huja maumivu yale ya shangazi, na hapo ndipo watu wengi hudhani ni vidonda vya tumbo. Likiteremka na kuziba mrija mkuu, macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi na choo hupauka. Akiongezeka homa na kutetemeka, mgonjwa huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Sasa, nyongo kwa ukali wake huua bakteria wengi. Bakteria wa taifodi ni miongoni mwa wachache wanaoistahimili. Wakifika kwenye mfuko na kukuta mawe, hujishikiza juu yake na kujijengea utando wa ute ambao dawa hupenya kwa shida. Kutoka humo huteremka na nyongo hadi utumboni, hutoka na choo, na kama mikono haikuoshwa kwa sabuni, hufika kwenye chakula. Ndiyo maana wengi wa wanaobeba taifodi kwa muda mrefu hukutwa na mawe ya nyongo. Mwenyewe hahisi chochote.

Mary alikataa upasuaji, na si haki tumcheke. Mfuko wa nyongo ulikuwa umetolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1882, mjini Berlin, na mwaka 1907 upasuaji wa tumbo ulikuwa bado wa hatari kubwa. Dawa za kuua bakteria hawa hazikuwapo. Yeye aliona kwamba wanaomtaka alale kwenye meza ya upasuaji ni walewale waliomburuta kutoka jikoni.

Kisiwani

Alipelekwa North Brother, kisiwa kidogo cha mtoni karibu na mji wa New York, kilichokuwa na hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Akapewa kibanda chake mwenyewe. Choo chake kilipimwa tena na tena. Kati ya vipimo 163, vipimo 120 vilikuta bakteria. Yeye akapeleka sampuli zake kwa maabara ya binafsi, nazo zikarudi safi, jambo linalowezekana kwa kuwa bakteria hawatoki kila siku. Mwaka 1909 alikwenda mahakamani kudai uhuru wake, kwa hoja kwamba hakutenda kosa wala hakuhukumiwa na mtu. Alishindwa. Magazeti nayo yalikwishampa jina jipya, Mary wa Taifodi, na michoro ilimwonyesha akidondosha mafuvu ya vichwa kwenye kikaango.

Februari 1910 mkuu mpya wa afya wa jiji alimwachilia kwa sharti asipike tena na awe akiripoti. Akatafutiwa kazi ya kufua nguo. Udobi ulilipa kidogo kuliko upishi, ulikuwa mzito zaidi, na yeye alikuwa amevuka miaka 40 bila mume, mtoto wala akiba. Baada ya muda aliacha kuripoti, akabadili jina, akarudi jikoni.

Mwaka 1915 taifodi ilizuka katika hospitali ya wazazi ya Sloane, New York. Watu 25 waliugua na wawili wakafa. Mpishi alikuwa mwanamke aliyejiita Mary Brown. Mara hii hakuna aliyemtetea, maana sasa alikuwa ameshaambiwa. Alirudishwa kisiwani mwezi Machi, akakaa miaka 23. Miaka ya baadaye alipewa kazi katika maabara ya pale. Mwaka 1932 alipatwa na kiharusi, hakutembea tena, na tarehe 11 Novemba 1938 alifariki akiwa na miaka 69. Kwa jumla miaka 26 ya maisha yake ilipita kifungoni. Mazishini walihudhuria watu tisa.

Wakati huo jiji lilikuwa limekwishagundua mamia ya wabebaji wengine wa taifodi, na hakuna hata mmoja aliyefungiwa muda mrefu kama yeye. Muayalandi, mwanamke, mtumishi, mkali wa ulimi: vyote hivyo vilimwongezea adhabu.

Mizani mbili

Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilitafuta nani wa kumlaumu. Kwa wagonjwa wa kabla ya 1907, simwoni mwenye kosa; hakujua. Kwa wale wa Sloane, siwezi kumtakasa. Alikuwa na haki ya kutilia shaka madaktari, lakini hakuwa na haki ya kuwajaribishia wazazi na wauguzi shaka yake. Dini yetu haimruhusu mtu kudhuru wala kulipiza dhara kwa dhara, na elimu ukishaipata huwa amana.

Lakini jiji nalo lina hesabu yake. Lilimwondolea kazi pekee aliyoijua, likampa isiyoweza kumweka, kisha likashangaa alipoiacha.

Hapo nilikumbuka habari mbili za Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Ya kwanza imo katika Muwatta ya Imam Malik: alimkuta mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba, akamwambia kwa upole asiwaudhi watu na akae nyumbani kwake. Mwanamke yule akatii, na hata Umar alipofariki na mtu akamwambia sasa anaweza kutoka, alikataa kumtii kiongozi akiwa hai na kumuasi akiwa maiti. Ya pili ameipokea mwanahistoria Al-Baladhuri: Umar akiwa njiani huko Sham alipita kwa watu wenye ukoma, nao walikuwa Wakristo, akaamuru wapewe katika sadaka na watengewe chakula.

Zamani nilizisoma kila moja peke yake. Sasa naziona ni hukumu moja yenye pande mbili. Ukimwambia mtu akae kando kwa ajili ya afya ya umma, umma unadaiwa riziki yake na heshima yake. Sisi wa Bwera tumekwishaonja mambo haya. Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka na wagonjwa wakalazwa katika Hospitali ya Bwera, tulijifunza upesi kunawa na kutosalimiana kwa mikono. Kumtembelea jirani aliyetoka karantini tulichelewa zaidi kujifunza.

Deni langu

Shangazi yuko katika zama zenye dawa ambazo Mary hakuziona. Amemeza vidonge vya kuua bakteria kwa wiki nne, na mfuko wake wa nyongo umetolewa kwa upasuaji. Mwili huweza kuishi bila mfuko huo, kwani ini huendelea kuimwaga nyongo moja kwa moja utumboni. Ameambiwa apimwe choo mara tatu, kila kipimo kikipishana na kingine kwa mwezi mmoja. Viwili vimetoka safi. Cha tatu kinasubiriwa.

Miezi hii ambayo hapiki, akina mama wa msikitini wamechanga wakampa mtaji wa kuuza vitenge sokoni. Hajapata wateja wengi. Wapo wanaopita mbele ya meza yake wakanunua kitenge hichohicho meza ya pili, kana kwamba taifodi hukaa kwenye nguo. Hilo nimelianzisha mimi kwa ulimi wangu.

Ndugu msomaji, ukiwa na maumivu ya kulia kila ukila mafuta, usimeze dawa za vidonda mwaka mzima, omba picha. Ukiambiwa una taifodi kwa kipimo kimoja cha Widal, jua kwamba kipimo hicho hukosea mara nyingi; uliza kama damu yako inaweza kuoteshwa maabara. Chemsha maji ya kunywa. Na baada ya istinja, maji peke yake yanatosha kwa tohara, lakini kwa bakteria hawa ongeza sabuni, hasa wewe unayepakua futari ya jumuiya.

Likizo ijayo, Insha Allah, kabla sijafika nyumbani nitapita sokoni Mpondwe mchana, watu wakiwa wengi. Nitanunua kitenge kwa shangazi, nitaketi kwenye kiti chake, na nitamwomba msamaha kwa sauti ileile niliyosemea siku ya Idi kwamba nimeshiba. Kipimo cha tatu kikitoka safi na akapika tena, sinia la kwanza nitaliomba mimi. Na kisipotoka safi, nitakula nyumbani kwake kilichopikwa na binti yake, mbele ya watu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia katika homa ile ya Kasese, na atulinde na shari ya ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.